Chombo kilielea, njia haikuwepo

Siku ya kushua jahazi pale Matondoni, kisiwani Lamu, kazi yote iko nchi kavu. Chombo kimeshatiwa kalafati, kimepakwa sifa (mafuta ya papa) juu na deheni (shahamu na chokaa) chini, na sasa kinangoja maji ya bamvua. Wanaume arubaini, hamsini (hesabu hubadilika kwa kila anayehadithia) wanashika kamba na kutia mabega. Magogo yamelazwa mchangani na kupakwa mafuta. Mmoja anaimba, wote wanaitikia, chombo kinasogea shibiri mbili kisha kinagoma. Mtu anapiga kelele kwamba gogo la mbele limekwenda upande. Na hakosekani mzee aliyekaa kivulini, kamba hashiki, ila kila kosa analiona yeye kwanza. Mpaka maji yakipokee. Hapo chombo kile kile kilichowatoa jasho wanaume hamsini kinashikwa kwa kamba moja na mtoto wa miaka kumi, kisitoroke.

Uzito haukupungua hata ratili moja. Kilichoondoka ni msuguano.

Mwingereza aitwaye Eric Laithwaite alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kutafuta namna ya kuifanya nchi kavu iwe kama maji hayo. Alitaka treni isiyogusa reli, isiyo na magurudumu, inayoinuliwa kwa sumaku na kusukumwa kwa sumaku. Alizaliwa 1921 katika mji wa Atherton, Lancashire, nchi ya viwanda vya pamba, akafariki 1997. Habari zake husimuliwa kama kisa cha mvumbuzi aliyesalitiwa na wanasiasa, na mimi mwenyewe nimeshakisimulia hivyo barazani mara nyingi, kwa uchungu wa kuazima. Siku hizi nina shaka. Naona kisa kile kina upande ambao sisi wa Lamu, watu tusio na reli na ambao mji wetu hauingii gari, tunaweza kuuona vizuri kuliko wenye reli zao.

Kwanza tuuone mtambo wenyewe, maana bila hivyo tutabaki kwenye siasa tu.

Chukua sinia la alumini, lile zito la pilau. Tafuta kompyuta iliyokufa, ufungue diski yake, utoe kipande cha sumaku kilichomo. Ni kidogo lakini kina nguvu ya kubana kidole. Sumaku haishiki alumini. Ukiiweka juu ya sinia inakaa tu kama kokoto. Lakini liinamishe sinia, uiachie iteleze. Haitelezi kama kokoto. Inashuka polepole, kama inayopita ndani ya asali. Niliwafanyia jaribio hili watoto wa jirani, na mkubwa wao akalinusa sinia kuhakikisha halikupakwa kitu.

Kinachotokea ni kwamba sumaku ikipita, inazusha mikondo ya umeme ndani ya alumini, na mikondo hiyo nayo inageuka sumaku ya muda, inayompinga mzazi wake. Sasa geuza mambo. Badala ya sumaku kutembea, panga koili nyingi kwa mstari, uzipe umeme kwa zamu, mpaka nguvu ya sumaku iwe inapita juu ya mstari ule kama mawimbi yanavyopita ilhali maji yenyewe hayasafiri. Weka sinia juu yake: litachukuliwa. Hiyo ndiyo mota ya mstari. Ni mota ya feni ile ile, iliyopasuliwa ubavuni na kukunjuliwa kama mkeka.

Laithwaite hakuwa wa kwanza kuifikiria. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwapo waliokwisha kuiandikia hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, kisha ikasahauliwa. Yeye aliiokota Chuo Kikuu cha Manchester mwishoni mwa miaka ya 1940, baada ya kutumika katika jeshi la anga wakati wa vita, na wala hakuianza kwa ajili ya treni. Alikuwa anafikiria mashine ya kufumia nguo, na kile kijiti kinachobeba uzi na kurushwa huku na huku kati ya nyuzi. Alitaka kijiti kile kirushwe na umeme badala ya kupigwa. Watu wa Pate, ambao hariri yao Wareno waliisifu karne nyingi zilizopita, wangemwelewa mara moja. Kutoka kwenye kitambaa akahamia kwenye mizigo mikubwa zaidi, na hatimaye kwenye treni.

Kusukuma ni jambo moja, kuinua ni jingine. Yeyote aliyecheza na sumaku mbili anajua kwamba zikikataana, ya juu haitulii; inachomoka pembeni au inajipindua. Samuel Earnshaw alithibitisha kwa hesabu mwaka 1842 kwamba sumaku tupu zilizotulia haziwezi kukiweka kitu kielee kwa utulivu, uzipange utakavyo. Kwa hiyo kila anayetaka treni ya sumaku hana budi kutafuta ujanja wa kumkwepa Earnshaw. Emile Bachelet, Mfaransa aliyehamia Marekani, alionyesha mfano mdogo London mwaka 1914, akitumia umeme wa kubadilika juu ya alumini. Watu wakastaajabu, mwaka ule ule vita vikuu vikaanza, na habari yake ikazama. Hermann Kemper, Mjerumani, alichukua njia nyingine: sumaku za umeme zinazovuta kutoka chini ya reli, na kifaa cha kupunguza na kuongeza nguvu kila mara ili chombo kisigonge wala kisidondoke. Alipata hataza yake 1934. Laithwaite naye mwanzoni alimwachia mtu mwingine kazi ya kuinua. Treni yake ya kwanza ya maana ingebebwa na hewa, kama vile vyombo vya Christopher Cockerell vilivyovuka mlango wa bahari wa Uingereza mwaka 1959, na mota ya mstari ingeisukuma tu. Baadaye ndipo alipogundua kwamba koili zikipangwa kwa namna fulani, mtambo mmoja unafanya kazi zote mbili, unasukuma na kuinua, na chombo kinajishika katikati chenyewe. Aliuita mto wa sumaku. Jina zuri; mtu wa majini hahitaji kufafanuliwa.

Mwaka 1964 alikuwa ameshakuwa profesa wa uhandisi wa umeme mzito katika chuo cha Imperial, London. Serikali ya Uingereza ikaunda kampuni ya kuijaribu treni hiyo ya hewa, na njia ya majaribio ikajengwa Earith, Cambridgeshire, katika nchi tambarare ya mifereji: boriti ya zege iliyoinuliwa juu ya nguzo, na katikati yake bamba la alumini. Sinia letu, likiwa limesimamishwa wima. Kipande kilichojengwa kilikuwa kifupi mno kwa kazi iliyokusudiwa. Hata hivyo tarehe 7 Februari 1973 chombo kilichoitwa RTV 31 kilipita pale kwa mwendo wa kilomita 167 kwa saa, ndani ya njia ambayo mtu angeimaliza kwa miguu kabla chai haijapoa.

Wiki moja baadaye mradi ukafutwa.

Hapa ndipo baraza linapochemka. Wiki moja! Na mimi nakubali kwamba namna ile ya kufuta ilikuwa ya kifedhuli. Fedha nzito zilikuwa zimeshatumika, zege limeshamwagwa, wahandisi wameshafunzwa, na kilichobaki kulipiwa ili kujua ukweli kilikuwa kidogo ukilinganisha na kilichokwisha kutoka. Serikali inayomlipia mtu mkuku na mataruma, uti na mbavu za chombo, kisha ikakataa ya mbao, haijaokoa kitu. Afadhali ingemkatalia tangu mwanzo.

Lakini je, walikosea kuukataa mradi wenyewe? Hapo siwafuati wenzangu tena.

Mwaka 1976, miaka mitatu tu baada ya Earith, shirika la reli la Uingereza lilianzisha treni ya dizeli iliyokwenda kilomita 200 kwa saa. Dizeli, kwa magurudumu ya chuma, juu ya reli za chuma, na nyingi kati ya reli hizo zilipita mahali palipochimbwa na wazee wa wazee wao katika karne ya 19. Haikuwa treni ya kusisimua. Hakuna mtoto aliyeota juu yake kama alivyoota juu ya mto wa sumaku. Ila ilitoka stesheni ile ile, ikapita madaraja yale yale, ikafika mjini katikati, na ikalala katika karakana iliyokuwepo. Laithwaite alikuwa akilinganisha chombo na chombo, na katika hilo alikuwa na haki: chake kilikuwa na mambo mazuri mengi. Wahasibu walikuwa wakilinganisha njia na njia.

Ufaransa ilikuwa vivyo hivyo, na kwa uchungu zaidi. Jean Bertin alikuwa na treni yake ya hewa, na kwenye boriti ya zege ya kilomita 18 karibu na Orléans chombo chake kilifikia kilomita 430 kwa saa mwezi Machi 1974. Hakuna aliyeweza kusema hakifanyi kazi. Mwaka ule ule serikali ikamwacha, naye Bertin akafariki mwishoni mwa 1975. Wafaransa wakachagua treni ya kasi ya magurudumu, iliyoanza kubeba abiria 1981, na moja ya sababu kubwa ni ya kawaida kabisa: treni ile ilijengewa njia mpya mashambani, ambako ardhi ni rahisi, kisha ikifika Paris inaingia kwenye reli kuukuu mpaka stesheni. Bertin angelazimika kubomoa Paris.

Mji wa Lamu umeshalijibu swali hili zamani. Watalii hudhani hatuna magari kwa sababu tunapenda mambo ya kale, au kwa sababu Umoja wa Mataifa ulituweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Hapana. Hatuna magari kwa sababu vichochoro vyetu vilipangwa kabla gari halijazaliwa, na punda wawili wenye shehena ya matofali wakikutana kwenye kichochoro, mmoja lazima arudi nyuma huku wachungaji wao wakitukanana kwa adabu. Lami imefika Mokowe, ng'ambo ya bara, ikasimama pwani. Gari lina kasi kuliko punda, lina nguvu kuliko punda, na halipigi teke; lakini hapa halina njia, na nani atavunja nyumba za watu ili lipite? Njia ndiyo mwenye nyumba, chombo ni mgeni. Mgeni akija na miguu mirefu kuliko kitanda, hakikatwi kitanda.

Na jahazi je? Jahazi lina bahati ambayo mtambo wowote wa nchi kavu utaionea wivu: njia yake ilikuwepo bure. Hakuna aliyemwaga zege kutoka Lamu hadi Maskati. Kusi na kaskazi hazitumi ankara. Fundi wa Matondoni akibuni umbo jipya la omo, pua ya chombo, analijaribu bahari ile ile waliyoitumia babu zake waliojenga mitepe kwa kushona mbao kwa kamba, bila msumari hata mmoja. Mtepe ukatoka, jahazi likaingia, na bahari haikubadilishwa. Laithwaite, ili ajaribu umbo jipya la chombo, alitakiwa kwanza ajenge bahari.

Tuseme basi wale waliopata mtu wa kuwajengea bahari, mambo yao yalikwendaje.

Waingereza wenyewe walirudi kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1984 Birmingham ilifungua treni ya sumaku ya kwanza duniani kubeba abiria kwa kazi ya kila siku, kutoka uwanja wa ndege hadi stesheni ya reli, mita 600 tu, na mota ya mstari ikiisukuma. Ilielea milimita 15 juu ya njia yake na ilikwenda kwa mwendo wa baiskeli ya mtu mwenye haraka. Mwaka 1995 ikafungwa. Haikugonga mtu, haikuanguka. Vipuri vyake tu havikupatikana, kwa sababu hapakuwa na nyingine duniani ya kushirikiana nayo vipuri. Kwa muda abiria wakapanda basi, kisha kikawekwa kigari kinachovutwa kwa kamba ya chuma. Kila mwenye boti ya injini ngeni hapa kisiwani anaujua ugonjwa huo. Injini iliyoenea ina fundi kila jeti, na spea yake unaipata hata kwa mtu anayeuza nazi. Ile ya peke yake, siku ikizima umeifunga na mti.

Wajerumani waliiendeleza kazi ya Kemper kwa miongo, wakajenga njia ya majaribio Emsland, wakakusudia kuunganisha Berlin na Hamburg, wakaahirisha, wakaacha mwaka 2000. Septemba 2006 treni ya majaribio iligonga gari la matengenezo lililokuwa limeachwa njiani, wakafa watu 23. Kosa lilikuwa la wanadamu na mawasiliano, si la sumaku, ila doa halichagui. Mwaka 2008 mpango wa Munich nao ukafutwa baada ya gharama kupanda kutoka chini ya euro bilioni 2 hadi zaidi ya bilioni 3. Mtambo wa Kijerumani umejengwa kwa ukamilifu mahali pamoja tu, Shanghai, kilomita 30 kati ya uwanja wa ndege wa Pudong na ukingo wa mji, na kwa miaka mingi ilikwenda hadi kilomita 431 kwa saa. Safari nzima dakika nane. Inaelea kama sentimita moja juu ya boriti. Nimemsikia kijana mmoja aliyeipanda akisema alikuwa bado anatafuta mkao wa kupiga picha, wakaambiwa washuke. Na Wachina, walioinunua, walipotaka kuiunganisha nchi yao nzima kwa treni za kasi, walijenga maelfu kwa maelfu ya kilomita za reli za chuma.

Wajapani ndio wenye subira ya kweli. Walianza utafiti 1962. Sumaku zao ni za baridi kali, nyuzi 269 chini ya sifuri, baridi ambayo waya ukishatiwa umeme unazunguka humo bila kupotea. Treni yao inaanza kwa magurudumu, na ikishika kasi ndipo inapopaa, sentimita kumi juu ya njia, nafasi kubwa kwa sababu nchi yao ina matetemeko. (Swali la kwanza barazani kila mara ni hili: umeme ukikatika? Jibu ni kwamba sumaku zile hazizimiki kwa kukatika umeme wa laini, na mwendo wenyewe ndio unaoinua. Kasi ikipungua treni inatua kwenye magurudumu yake kama ndege. Jibu hili halijawahi kumridhisha mtu yeyote wa Lamu.) Tarehe 21 Aprili 2015 ilifikia kilomita 603 kwa saa. Njia ya kutoka Tokyo hadi Nagoya, kilomita 286, ilianza kujengwa 2014 kwa ahadi ya kufunguliwa 2027. Ahadi hiyo imekufa, na makadirio ya wakati ujenzi unaanza, yen trilioni 5.5, yamepandishwa tena na tena.

Kilichoichelewesha zaidi ndicho kilichonifanya niiandike makala hii. Sehemu kubwa ya njia hiyo ni mahandaki, kwa sababu treni ya kasi ile haijui kukata kona, lazima ipasue mlima. Kipande cha kilomita tisa hivi kinapita chini ya milima ya mkoa wa Shizuoka. Stesheni Shizuoka haipewi; treni inapita tu chini kwa chini. Lakini handaki linaweza kuyatoa maji ya mto Oi, na mto Oi ndio unaowanywesha watu na mashamba ya chai huko bondeni. Gavana akagoma kutoa ruhusa, mwaka baada ya mwaka, mpaka alipojiuzulu 2024. Magazeti ya wenye haraka yalimwita mkorofi. Mimi nikisoma nilikuwa nawaona wavuvi wetu. Mfereji wa bandari mpya ya hapa Lamu, kule Magogoni, ulipochimbwa, matumbawe yaliyokuwa maskani ya samaki yaliondoka na wavuvi wakabaki na mashua zao ndogo, zisizoweza kufika bahari kuu. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Chombo chochote kinachotaka njia mpya kitapita juu ya mtu, au chini yake. Mhandisi huliita jambo hilo ucheleweshaji. Kwa mvuvi ni mlo wa jioni.

Sasa kuhusu reli yetu. Tarehe 2 Machi 2012 marais Kibaki na Salva Kiir pamoja na waziri mkuu Meles Zenawi walisimama hapa Lamu kuuzindua mradi wa bandari, barabara, bomba la mafuta na reli hadi Sudan Kusini na Ethiopia. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, na magati matatu yamekamilika katika 32 yaliyochorwa. Reli ingali kwenye ramani. Kila ukimya unaporefuka huzuka kijana msomi mwenye hoja tamu: tusijenge reli ya chuma, tumeshachelewa, turuke moja kwa moja hadi treni ya sumaku, kama tulivyoruka simu za waya tukaingia simu za mkononi, kama tulivyoziruka benki tukaingia M-Pesa.

Hoja hiyo naipenda kwa moyo wake na siikubali kwa akili yake. M-Pesa ilipoanza 2007 iliruka kwa sababu haikuhitaji njia mpya. Simu zilikuwa zimeshaingia mifukoni. Minara ilikuwa imeshasimama. Na wakala ni duka lile lile la unga na sabuni, lenye mwenye duka yule yule unayemjua mpaka deni lake. Walipaka rangi ya kijani ukutani, wakaweka daftari, kazi ikaanza. Ule haukuwa mruko juu ya njia. Ulikuwa ni ujanja wa kupita katika njia iliyopo, sawasawa na treni ya dizeli ya 1976. Treni ya sumaku ni kinyume chake kabisa. Kila mita yake hujengwa kwa ajili yake peke yake, haipitishi kingine, na mpaka mita ya mwisho ikamilike, zile za mwanzo hazina kazi. Reli ya Mombasa hadi Nairobi ya 2017, kilomita zipatazo 470, imetugharimu takriban shilingi bilioni 327, nyingi zikiwa za mkopo, na hiyo ni reli ya kawaida ambayo dunia nzima inauza mabehewa na vipuri vyake. Hata hiyo, ilipofika Naivasha 2019 fedha zikaisha, na mzigo unaoendelea mbele unahamishiwa kwenye reli ya mkoloni iliyofika Kisumu 1901. Reli kuukuu ikamwokoa kijana wake. Treni ya sumaku ikiishiwa fedha njiani, nani ataupokea mzigo?

Narudi kwa Laithwaite, maana nimemkosoa na hayupo. Alikuwa mtu wa kuvutia mno mbele ya hadhira; akieleza umeme hata bibi yako angeondoka na mota mkononi. Alipenda vipepeo na nondo, na aliwahi kuandika kwamba nondo dume humpata jike kwa mawimbi ya mnururisho. Wataalamu wa wadudu walijua ni harufu. Mwaka 1974, mwaka mmoja baada ya Earith, alisimama katika ukumbi wa Royal Institution mjini London, akazungusha magurudumu mazito hewani, akadai kwamba yanavunja kanuni za Newton. Hayavunji, na baadaye alikuja kulikubali hilo mwenyewe. Hotuba yake haikuchapishwa, na wenzake wengi wakamtenga. Baadhi ya wapenzi wake husema alifanya vile kwa uchungu wa treni yake. Mimi naona tabia ni moja tu kote. Jicho lake lilikuwa kwenye nguvu isiyoonekana, na kila mahali aliiona: kwenye alumini, kwenye nondo, kwenye gurudumu. Kwenye alumini ilikuwepo kweli. Harufu, fedha na nguzo za zege hakuziona, kwa sababu hazikuwa na siri yoyote ndani yake.

Na mota yake haikufa. Mjini Vancouver, Kanada, tangu 1985 treni za mjini zinasukumwa kwa mota ya mstari juu ya bamba lililolazwa katikati ya njia, na Kuala Lumpur inayo ya namna hiyo. Abiria hawajui, hawana haja ya kujua. Treni hizo zina magurudumu ya chuma, zinakaa juu ya reli za kawaida. Nusu ya ndoto yake ilikubali kupanda juu ya njia ya zamani, na nusu hiyo ndiyo inayopeleka watu kazini kila asubuhi. Miaka ya 1990, mzee tayari, alifanya kazi na NASA juu ya wazo la kukirusha chombo cha angani kwa njia ya sumaku. Hakuiona ikijengwa.

Kile chombo cha Earith, RTV 31, kipo mpaka leo. Kimewekwa nje mjini Peterborough, kwenye makumbusho madogo ya reli, kando ya njia kuu iendayo Scotland. Njia hiyo ni ya karne ya 19. Treni za magurudumu hupita mbele yake mchana kutwa, treni za aina inayofikia kilomita 200 kwa saa.